Kilikuwa Kimefikia Wapi? Kuhusu vipande na wahusika waliokatwa kwenye katuni za zamani

Ilianza kwenye grupu la familia, Jumapili mchana, ile saa ambayo watu wameshiba na hawana la kufanya. Binamu mmoja akatupia video ya dakika mbili hivi: Scar, yule simba mwenye kovu jichoni wa The Lion King, anamzunguka Nala, simba jike kijana, akimtaka awe malkia wake. Juu yake maandishi mekundu: "KIPANDE AMBACHO HAWAKUTAKA UKIONE." Haikupita robo saa, shemeji akaapa kwamba alishakiona kipande hicho kwenye mkanda wa VHS miaka ya tisini, tena kikiwa na rangi zake zote. Shangazi akasema kilikatwa kwa sababu si cha watoto. Kijana wa kidato cha pili akasema hayo yote ni akili mnemba, hakuna kitu kama hicho. Kufikia magharibi kulikuwa na kambi tatu, na mtu mmoja alikuwa ameshajitoa kwenye grupu.

Kipande chenyewe ni cha kweli. Ni michoro ya watengenezaji wenyewe, ya kabla filamu haijatoka mwaka 1994. Kwa hiyo kijana amekosea. Shangazi amegusa palepale. Shemeji naye hakudanganya, ila kumbukumbu imemchezea, maana kipande hicho hakikuwahi kutiwa rangi wala hakikuwahi kuingia kwenye mkanda ule aliokuwa nao.

Kinachotuvuruga ni neno "kukatwa". Tunalitumia kwa mambo matatu yasiyofanana, kisha tunashangaa kwa nini hatuelewani.

Chukua nyumba. Mtu akikwambia kuna chumba kilichobomolewa kwenye nyumba ya fulani, utauliza kilikuwa kimefikia wapi. Kuna chumba kilichofutwa kwenye ramani kwa kifutio, mwenye nyumba akiwa bado anapiga hesabu ya tofali. Kuna chumba kilichofika usawa wa linta, mchanga na saruji vimeshaliwa, ndipo fundi akaambiwa ashushe. Na kuna chumba ambacho watu wameshahamia, wametundika mapazia, halafu siku moja wakaamka na kukuta alama ya X nyekundu ukutani. Vyote vitatu mtaani tutasema "vimebomolewa". Lakini hasara yake si moja, na aliyelia si yuleyule.

Katuni zinakatwa kwa njia hizo tatu, na ya kwanza ndiyo iliyozoeleka kuliko zote.

Filamu ya watu halisi haiko hivyo. Kule kamera inapiga tukio moja mara tano, mara kumi, kutoka pembe hii na ile, halafu mhariri anakaa chini na kuchagua. Mabaki yake ni picha kamili: sura zipo, sauti ipo, rangi ipo. Ndiyo maana tumezoea kufikiri kwamba kila filamu ina kabati la vipande vilivyokamilika vikisubiri kufunguliwa. Kwenye katuni kabati hilo halipo, kwa sababu hakuna mwenye fedha ya kulijaza.

Hesabu yake ni nyepesi. Filamu ya sinema inapita fremu 24 kwa sekunde. Kwa kawaida mchoro mmoja unashikiliwa kwa fremu mbili, kwa hiyo mhusika mmoja anahitaji michoro kama 12 kwa kila sekunde, sawa na 720 kwa dakika. Sasa waweke vibete saba kwenye meza moja, kila mmoja akitikisa kichwa chake: sekunde moja ni michoro 84, na hapo hujamgusa Snow White aliyesimama pembeni na mwiko. Kila mchoro wa penseli ulitakiwa usafishwe, unakiliwe kwa wino kwenye plastiki angavu, upakwe rangi kwa nyuma, uwekwe juu ya picha ya mandhari na kupigwa kamera. Yote hayo kwa mkono. Nani atakubali kufika huko kwa kipande asicho na uhakika nacho?

Kwa hiyo walijifunza kukata mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, studio ya Walt Disney kule Los Angeles ilianza kubandika michoro ya hadithi ukutani kwa pini, mmoja baada ya mwingine kama nguo kwenye kamba. Hiyo ndiyo storibodi. Mtu anasimama mbele ya ukuta, anasimulia hadithi kwa kidole, anaigiza sauti zote. Kama wenzake hawacheki mahali pa kucheka, michoro inang'olewa. Baadaye michoro hiyo hupigwa picha na kuunganishwa na sauti za muda, wapate mkanda wa majaribio wa kuangalia kama hadithi inatembea. Video ya Scar na Nala iliyotugombanisha inatoka kwenye ngazi hiyo. Ni chumba kilichokuwa bado kwenye ramani.

Baada ya ramani ndipo watu wa penseli wanaingia. Pale Disney michoro yao ya kwanza yenye mwendo ilikuwa ikionyeshwa kwenye chumba kidogo kisicho na kipozahewa, kilichopewa jina la utani la kisanduku cha jasho. Jasho la joto, na jasho la kumsubiri bosi aseme neno. Kipande kikifia hapa, kimefia usawa wa linta.

Kisa cha linta maarufu kuliko vyote ni cha supu.

Mwaka 1937, wakati Snow White and the Seven Dwarfs inaelekea ukingoni, kulikuwa na kijana mchoraji aitwaye Ward Kimball, miaka ishirini na ushee, aliyekabidhiwa tukio la vibete kula chakula cha jioni. Wanakunywa supu kwa makelele, wanavuta, wanafyonza, makelele yenyewe yanageuka kuwa wimbo, na Snow White anajaribu kuwafundisha adabu ya mezani. Kimball alilifanyia kazi kwa miezi. Tukio lilikuwa limeshapewa mwendo kwa penseli, linachekesha, na wenzake walilipenda.

Walt Disney akaliondoa. Hakusema ni baya; alisema linachelewesha. Malkia anapanga kuua mtu, mtazamaji ana wasiwasi, na sisi tumekaa mezani tunasikiliza watu wanavyofyonza supu? Tukio jingine la vibete hao, wakimtengenezea Snow White kitanda, nalo likaenda na maji hayohayo.

Kimball alikwenda ofisini kwa Walt akiwa ameshaamua kuacha kazi. Alitoka humo akiwa na kazi mpya: kumbuni Jiminy Cricket, yule nyenje mwenye kofia wa Pinocchio iliyotoka mwaka 1940. Alisimulia kisa hicho hadi uzeeni, kwamba aliingia kujiuzulu akatoka na furaha. Mimi nakipenda kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho video za "walichokificha" hazikitaji kamwe, kwamba aliyeumia zaidi na ukataji alikuwa mchoraji mwenyewe. Mtazamaji hakujua hata kama supu iliwahi kupikwa.

Na kuhusu kuficha: mwaka 1956 Walt Disney mwenyewe alilionyesha tukio la supu kwenye kipindi chake cha televisheni, likiwa la penseli vilevile, akawaeleza watu jinsi katuni inavyotengenezwa. Huyo si mtu mwenye siri ya kulinda.

Wahusika wao hufa kimya zaidi kuliko matukio, kwa kuwa wengi wao hufia kwenye ramani. Nala alikuwa awe na mdogo wake wa kiume, Mheetu. The Jungle Book ya mwaka 1967 ilikuwa iwe na kifaru mzito wa akili na macho aitwaye Rocky. Walt akaona vichekesho vimerundikana mahali pamoja, akamwondoa. Pocahontas ya mwaka 1995 ilikuwa na bata mzinga aliyeandaliwa kwa sauti ya mchekeshaji John Candy. Candy alipofariki mwaka 1994, bata mzinga naye akaachwa.

Kuna mmoja lakini ambaye siwezi kumpita haraka, na ni mama yake Aladdin.

Waliosoma au kusimuliwa Alfu Lela Ulela wanajua kwamba Aladini ana mama. Ni mjane wa fundi cherehani, mwanamke wa hali ya chini, na ndiye anayebeba vito kwenye sinia hadi kwa sultani kumposea mwanawe binti mfalme, akitetemeka njia nzima. Kwenye rasimu za filamu ya mwaka 1992 mama alikuwepo. Mtunzi wa maneno Howard Ashman na mtunzi wa muziki Alan Menken walimwandikia Aladdin wimbo wa kumwimbia, "Proud of Your Boy", ahadi ya mtoto mtukutu kwamba iko siku mama atajivunia. Ashman alifariki Machi 1991. Mwezi uliofuata, Jeffrey Katzenberg, mkuu wa filamu wa Disney, alionyeshwa hadithi ilipofikia, akaikataa karibu yote. Waanze upya, na mama atoke. Aladdin akawa yatima siku hiyo, kwa uamuzi wa kikao.

Kwa mantiki ya hadithi Katzenberg alikuwa na hoja. Kijana asiye na mtu yeyote duniani anaeleweka haraka, na filamu ina dakika tisini tu za kumaliza mambo yake. Lakini mimi nikiangalia ile filamu naona kijana ambaye hana wa kumwonea aibu, na uongo wake kwa Jasmine, yule binti mfalme, unakuwa mwepesi mno. Mama angekuwepo, uongo ule ungekuwa na uzito. Wimbo wenyewe haukuzikwa: Menken aliuhifadhi, na maonyesho ya jukwaani ya Broadway yalipoanza mwaka 2014, Aladdin aliuimba.

Katzenberg huyuhuyu ndiye aliyetaka kukata wimbo wa Ariel anaotamani kuwa binadamu, "Part of Your World", kwenye The Little Mermaid ya mwaka 1989. Kwenye onyesho la majaribio sehemu hiyo ilikuwa bado michoro isiyo na rangi, watoto wakachoka, mmoja akamwaga bisi zake na kuanza kushughulika nazo. Katzenberg akaona: wimbo unachosha, utoke. Waongozaji na wachoraji wakamsihi asubiri mpaka utiwe rangi. Alipokubali, na watazamaji wengine wakauona umekamilika, hakuna aliyeuliza tena. Leo huwezi kumwazia yule nguva bila wimbo ule. Kwa hiyo mkasi una akili, lakini wakati mwingine unaongozwa na bisi.

Hadi hapa tumekuwa kwenye ramani na kwenye linta. Je, kuna katuni iliyokatwa ikiwa imeshapakwa rangi, imeshawekwa muziki, imekwisha? Ipo, na mkasi ni wa mtu huyohuyo.

Katzenberg alifika Disney mwaka 1984 akitokea kwenye filamu za watu. Alikuta The Black Cauldron iko karibu kutoka, hadithi ya mfalme wa mapepo anayetafuta chungu cha kufufua wapiganaji waliokufa. Kwenye onyesho la majaribio maiti walipoanza kuinuka, watoto walilia na wazazi wakawatoa nje. Akaagiza ipunguzwe. Mtayarishaji, Joe Hale, akashtuka, kwa sababu katuni haihaririwi namna hiyo: hakuna pembe ya pili ya kamera, hakuna picha za akiba za kuziba pengo. Ukitoa, umetoa. Katzenberg akaingia mwenyewe chumba cha kuhariria na kuanza kukata. Filamu ikaahirishwa hadi Julai 1985, na kama dakika 12 zikaondoka. Kwa hesabu yetu ya fremu 24, hizo ni zaidi ya fremu 17,000, nyingi zikiwa zimeshapita kwa wenye wino na wenye brashi. Ukiisikiliza filamu kwa makini, kuna mahali muziki unaruka kama gari lililopita kwenye tuta bila kuona. Iligharimu dola milioni 44, na Marekani ikarudisha kama milioni 21.

Hapo ndipo wanaopenda kabati la siri wanapata haki kidogo, maana vipande vya rangi kweli viliwahi kuwepo. Lakini hata hao maiti hawakuondolewa kwa sababu ya njama. Waliondolewa kwa sababu mtoto alilia ukumbini.

Aina ya tatu, ile ya X nyekundu, ni tofauti kabisa. Hapa filamu imeshatoka na watu wameshalipa kiingilio, halafu baada ya miaka kitu kinaondolewa. Kwenye Fantasia ya mwaka 1940, katika sehemu ya muziki wa Beethoven, kulikuwa na mhusika aitwaye Sunflower, nusu msichana mweusi nusu punda, ambaye kazi yake ni kung'arisha kwato za wenzake weupe. Miaka 29 watu walimwona. Filamu iliporudishwa kumbini mwaka 1969, Marekani ikiwa imetoka kwenye miaka ya harakati za haki za kiraia, Sunflower hakuwepo. Katika matoleo ya baadaye walichofanya ni kuisogeza picha karibu zaidi ili abaki nje ya fremu. Ukiona sehemu ya filamu ya zamani ambayo ghafla picha imejaa na kuwa na chengachenga, mara nyingine ni kwamba mtu amesukumwa nje ya mlango.

Hapa neno "kuficha" lina mahali pake. Na hapa pia kuna mabishano ya kweli. Wapo wanaosema kumwondoa Sunflower ni heshima kwa watoto weusi wanaoangalia. Wapo wanaosema ni kufuta ushahidi wa jinsi studio ilivyowaona watu weusi. Nikiwa na mpwa wa miaka saba kwenye kochi, namshukuru aliyemwondoa. Nikiwa peke yangu na daftari, namtaka arudi. Sioni aibu kuwa na majibu mawili.

Aladdin nayo ilipata X yake, ndogo ya mstari mmoja. Wimbo wa kufungulia filamu ulisema kwamba huko mchuuzi anakotoka mtu hukatwa sikio kama sura yake haikupendeza. Wamarekani wenye asili ya Kiarabu walilalamika, na toleo la kanda za nyumbani la mwaka 1993 likatoka na maneno mengine kuhusu ukubwa wa jangwa na ukali wa joto. Sasa fikiria ndugu wawili, mmoja aliiona sinema mwaka 1992, mwingine alinunua mkanda mwaka uliofuata. Watabishana hadi kufa, na wote wawili wanasema kweli.

Shemeji yangu angeweza kujitetea kwa hoja hiyohiyo, maana The Lion King yenyewe ina matoleo. Ya mwaka 1994 ina Zazu, yule ndege msaidizi wa mfalme, akitoa ripoti ya asubuhi kwa maneno matupu. Mwaka 2002, filamu ilipoonyeshwa tena kwenye kumbi za skrini kubwa za IMAX, na kwenye DVD ya mwaka 2003, ripoti ile ikawa wimbo mzima, "The Morning Report", uliochorwa upya karibu muongo mmoja baada ya filamu kutoka. Ulitokana na igizo la jukwaani. Wadogo zetu waliokulia kwenye DVD wanaukumbuka. Sisi wa kanda tunawaona waongo. Beauty and the Beast ilifanyiwa jambo kama hilo mwaka 2002 kwa wimbo wa vyombo vya nyumbani, "Human Again", uliokuwa umeachwa kwenye ramani filamu ilipotoka mwaka 1991. Na kwenye Pocahontas, wimbo wa mapenzi wa mwisho uliondolewa ukiwa karibu kukamilika, baada ya watoto kuchoka kwenye majaribio, ukarudishwa kwenye toleo la mwaka 2005.

Sasa ongeza na mazingira yetu. Wengi wa rika langu hatukuangalia katuni hizi kwenye sinema ya viti vya velveti. Tuliangalia kwenye vibanda umiza, kwenye mkanda ulionakiliwa kutoka mkanda mwingine, uliokatika na kuungwa kwa selotepu. Mara nyingine mfasiri alikuwa anasimulia juu yake kwa Kiswahili, akiongeza chumvi anavyopenda na kuwapa simba majina ya wanasiasa. Au tuliangalia kwenye televisheni, ambako saa mbili kamili ikifika taarifa ya habari haimsubiri Mufasa. Dakika tulizokosa tulijisimulia wenyewe shuleni kesho yake. Nimewahi kuapa kwamba kwenye moja ya katuni hizi kulikuwa na pambano la pili juu ya daraja. Halikuwepo. Lilibuniwa na rafiki yangu wa darasa la nne, mbele ya duka la mkate, kwa mikono na mdomo, na bado nalikumbuka kwa rangi.

Linaloulizwa sana baada ya hapo ni: basi vile vilivyokatwa viko wapi? Disney ina hifadhi ya michoro yake huko California, na kwa miaka mingi wafanyakazi waliita mahali hapo mochwari. Lakini maiti wa mochwari hii wana tabia ya kutoka. Sehemu ya Fantasia iliyotengenezwa kwa muziki wa Debussy, "Clair de Lune", iliachwa nje mwaka 1940, kisha picha zake za ndege weupe kwenye maji ya usiku zikavalishwa wimbo mwingine kwenye Make Mine Music ya mwaka 1946. Wimbo ulioandikwa kwa ajili ya Alice in Wonderland ya mwaka 1951 ukakosa nafasi. Tuni yake ikapewa maneno mapya, na ndiyo unayoisikia mwanzoni mwa Peter Pan ya mwaka 1953. Ni kama kitenge kilichobaki kwenye gauni la mama, kinakuwa kilemba cha dada.

Na kuna ukataji mmoja unaotuhusu sisi moja kwa moja. Timon na Pumbaa, wale wachekeshaji wawili wa The Lion King, waliandikiwa kwanza wimbo uitwao "Warthog Rhapsody", yaani wimbo wa ngiri. Ukarekodiwa, ukaonekana haufiki mbali. Watengenezaji walikuwa wameshakwenda Kenya kuangalia mandhari, wakapita Hell's Gate karibu na Naivasha, na huko safarini walisikia maneno mawili ambayo waongoza watalii wa Kenya huyasema mara mia kwa siku. Wimbo wa ngiri ukatupwa, "Hakuna Matata" ukaingia. Kwetu Dar ukimwambia mtu "hakuna matata" atakutafuta kamera shingoni, sisi ni "hamna shida". Lakini ndiyo hivyo, nusu ya dunia imejifunza Kiswahili cha maneno mawili kwa sababu wimbo mwingine ulikatwa.

Siku hizi swali limekuwa gumu zaidi, kwa sababu mtu mwenye simu na programu ya akili mnemba anaweza kutengeneza "kipande kilichopotea" akiwa amelala kitandani. Kipimo changu ni kilekile cha chumba: kilikuwa kimefikia wapi? Kipande halisi huwa na vumbi la ujenzi. Michoro imesimama, au mistari ya penseli inapitana, mandhari hayapo, sauti ni ya mtu wa ofisini anayejaribu kuwa simba, pembeni kuna namba za fremu. Kikija kimenyooka, kina rangi kamili, nywele zinapepea na kila mtu anapumua vizuri, uliza kilitokea kwenye toleo la mwaka gani. Kama hakuna jibu, huenda kimezaliwa wiki iliyopita. Kumbuka tu kwamba kipimo hiki kinaweza kukuangusha kwa filamu kama The Black Cauldron.

Dalili ya pili iko ndani ya filamu yenyewe. Kukata huacha kovu. Kile kipande cha Scar kumtaka Nala ndicho kilichoeleza kwa nini binti yule aliondoka kwao. Kikaondolewa, na kwenye filamu Nala anatokea tu msituni akimfukuza Pumbaa, kisha anaeleza kwa sentensi chache kwamba alikuwa anatafuta msaada. Inatosha, lakini ukishajua kilichokuwepo unaona anavyoikwepa habari ya Scar. Na kwenye Lilo & Stitch ya mwaka 2002, ukikaa vizuri, utaona kile chombo cha anga cha mwisho kinavyoruka kama ndege ya abiria. Kilichorwa kwanza kama Boeing 747 ikipita katikati ya majengo ya Honolulu. Baada ya Septemba 11, 2001, walikibadilisha umbo na kuhamishia mbio zake milimani.

Kovu ninalolipenda mimi liligunduliwa na mpwa wangu, na hakuambiwa na mtu. Tulikuwa tunaangalia Snow White. Supu inachemka, Snow White anakataa kuwapa mpaka wanawe mikono, vibete wanatoka nje kwa shingo upande, wanasuguana, mmoja anameza sabuni. Kisha hadithi inahamia kwa malkia na dawa zake. Tunaporudi, vibete wanapiga ala na kucheza.

"Anko," akaniuliza, "kwani hawakula?"

Nikamtafutia lile tukio la supu, la penseli, lile la 1956. Aliangalia hadi mwisho bila kucheka, akarudisha nyuma, akaangalia tena, kisha akanipa simu yangu.

"Rangi zake ziko wapi?"